Mtani wangu aliuliza stendi ziko wapi, nikacheka

Nimekosa, jamani. Na sitamsingizia shetani, maana shetani hana cheti cha ualimu wa ufundi. Mimi ninacho, kimetundikwa sebuleni kwangu hapa Bombambili, kwenye fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu. Jina langu naficha. Ushujaa wangu mtauona huko mbele.

Nafundisha ufundi magari kwenye chuo kimoja hapa Songea. Tuliambiwa tuandike upya masomo ya vitendo, ili vyuo vidogo vya mkoani vifundishe kitu kimoja kwa namna moja. Na nani akawekwa kuratibu? Mimi, bingwa!

Nikaweka utaratibu, na nilivyoupenda! Mmoja anaandika. Wa pili anahakiki, anaweka maoni pembeni ya maandishi kwenye kompyuta. Wa tatu, ambaye hajashiriki kabisa, anaingia karakanani na karatasi na kufanya kilichoandikwa tu, asiongeze cha kichwani mwake. Kisha mkuu wa idara anapitisha. Niliwahubiria wenzangu kwamba hakuna mtu mkubwa kuliko utaratibu. Kumbe mwenyewe sikujihesabu kwenye watu.

Mhakiki wangu alikuwa mwalimu mwenzangu, mwanamama Mhehe wa Iringa. Mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani, na utani wetu ulikuwa burudani ya chuo kizima. Akinikuta nakula, ananinyang'anya sahani. Akichelewa kikao, natangaza kwamba amekutana na mbwa njiani na kitoweo hakipitwi, maana Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. Mama yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Mtani, kama ilivyo desturi ya watani misibani, alikuwa akimwambia, "Mama, siku yako nitajilaza kaburini, sitoki mpaka huyu mwanao anipe jogoo." Mama anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga.

Basi nikaandika somo la kubadili diski ya klachi. Hatua moja ilisema inua gari kwa jeki. Iliyofuata ikasema ingia chini ufungue gia boksi. Katikati hapo kuna stendi za chuma zinazobeba gari, maana jeki ni ya kuinulia, siyo ya kuikabidhi uhai wa mtu. Sikuziandika. Niliona ni sawa na kumwandikia mtu avute pumzi.

Mtani akaweka maoni: "Mngoni, stendi ziko wapi? Mtoto akifuata hii atalaliwa na gari."

Mwenye akili angeongeza sentensi moja. Mimi nikajibu kwamba Wahehe wanaogopa jeki kwa sababu hailiwi, nikayafuta maoni yake, nikaenda kuwasimulia wenzangu kwenye chai. Tulicheka sana! Naye alicheka, kisha akaniambia polepole kwamba hapo hakuwa anatania. Nikamwambia hata huo ni utani mzuri.

Ikaja zamu ya majaribio. Aliyepangwa kujaribu alikuwa ameenda Hanga kwenye shughuli ya ukoo, na wakubwa walikuwa wanataka kazi yao. Nikaingia karakanani mwenyewe. Kila kitu kikaenda sawa! Nikaandika kwamba somo limejaribiwa na halina dosari. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba mikono yangu ilizichukua stendi pale ukutani na kuziweka chini ya gari bila hata kuniuliza. Karatasi haikusema, mikono ilijua. Ndiyo maana utaratibu ulikataza mwandishi kujaribu kazi yake mwenyewe. Utaratibu mzuri kweli ule, sijui aliuweka nani.

Somo likapelekwa vyuoni. Upande wa Tunduru kulikuwa na binti, nimwite Zuhura, hodari kuliko wavulana wote wa darasa lake. Mwalimu wao alikuwa mgeni kazini, akawasomea karatasi yangu kama ilivyo. Zuhura akaingia chini ya gari. Jeki ikateleza, gari likamshukia mkono wa kulia.

Alipoletwa hospitali huku Songea, chuo kilinituma mimi nikampe pole. Baba yake, mkulima wa korosho, alikuwa amekaa kando ya kitanda. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza kwamba ajali kazini hazina kinga, maneno yangu mazuri ya ofisini. Zuhura akanikatiza.

"Mwalimu, mimi sikuruka hatua hata moja."

"Ni kweli," baba yake akasema. "Huyu tangu mdogo, akielekezwa kitu hufanya vilevile. Alhamdulillah tumempata hai."

Kisha akanishukuru kwa kuja. Alinishukuru! Mkono ule haushiki spana tena, na alitaka kufungua gereji yake.

Kikaitwa kikao. Mkuu wa idara akauliza imekuwaje mhakiki asione. Mtani akasema aliona na aliandika. Wenzangu wakanigeukia, wengine wameshaanza kutabasamu, wanangoja nimjibu kama kawaida yetu. Nilichotakiwa kusema ni "ndiyo" tu.

"Sisi huwa tunataniana sana," nikasema, "sikumbuki vizuri."

Watu wakacheka kidogo. Yeye akaondolewa kwenye uhakiki. Mimi nikaongezewa kazi ya kusimamia usalama wa karakana, na hatua ya stendi ikaingizwa kwenye somo, chini ya jina langu. Hongera kwangu.

Tangu hapo hanitanii. Ananiita Mwalimu, ananiuliza habari za asubuhi, anapita. Chakula changu namaliza mwenyewe siku hizi.

Mwaka huu mama amefariki. Watu walijaa, na mimi macho yangu yalikuwa njiani. Kaburi likachimbwa, hakuna aliyejilaza ndani. Mtani alikuja, amejifunga kitenge vizuri, akanipa mkono. "Pole sana, Mwalimu." Akaenda kukaa na wageni mpaka tukamaliza kuzika. Nililia siku ile kuliko watu walivyodhani.

Ndugu zangu mnaoandika vitu vya kufundishia watoto wa watu, mtani akikwambia neno la kazi, lifanyie kazi kwanza, utacheka baadaye. Na ukikosea, sema palepale kikaoni wakati bado kuna wa kukusikia. Usifanye kama mimi, ninayewaungamia nyie msionijua ilhali meza ya mtani wangu iko jirani na yangu.

Jogoo nilikuwa nimemwandaa, nimemfunga nyuma ya nyumba. Bado yupo. Kila alfajiri anawika, na sina wa kumpa.