Kisima Chetu Kilikwenda Sudan

Marthe alikaa mlangoni pa nyumba yao, Nchelenge, Zambia, ordinatere, ile kompyuta yake, juu ya mapaja, kichwa kikimuzunguka. Alitaka tu karte, ramani ya visima vya kijiji chao, kwa ajili ya masomo yake ya chuo kikuu. Maktaba ya chuo ilimupatia, kwa njia ya enterneti, programu ya kuchora karte pamoja na ziwa Mweru na barabara zote. Lakini kisima cha nyuma ya nyumba, ambacho namba za mahali pake alizichukua mwenyewe na telefone, kwenye karte kilianguka Sudan ya Kusini. Akasema hivyo kwa sauti.

"Sudan?" Baba yake, mzee Ambroise, aliacha kugeuza samaki kwenye moto. "Mutoto, tulikimbia vita ya Kongo, tukavuka hili ziwa na mutumbwi. Sasa nani tena anatuhamisha?"

"Hata mimi sielewi, baba."

Akafuta yote, akaanza upya. Kisima kikarudi kulekule Sudan. Kwa hasira akamwandikia mama wa maktaba, naye akajibu: ninyi muko kusini ya ikweta, weka alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza.

Marthe akaweka kale kakistari. Kisima kikaruka nchi nzima-nzima, kikatua nyuma ya nyumba.

Mzee Ambroise akainama, akaitazama karte kwa muda murefu. Kisha akaweka kidole ngambo ya ziwa, pale Pweto, kwao Kongo.

"Na huku," akauliza, "ni kakistari gani kanaturudisha?"