Mgombea Aliyechekwa Matangani

Mwanasha alikuwa hajawahi kukosa usingizi kwa ajili ya mume, wala mvua, wala ugonjwa wa ubwiri kushambulia mikorosho yake. Akaja kukosa usingizi kwa ajili ya mtu anayetaka urais. Nilimwambia, "Shoga, huyo si mumeo." Hakucheka.

Ana genge la chakula njia panda ya Mingoyo, magari ya Mtwara yanapoachana na ya Masasi. Mimi nauza korosho za kukaanga ubavuni mwake, ndiyo maana nayajua mambo yake kuliko anavyopenda. Yeye ni mjumbe wa mkutano mkuu wa chama chake, na chama hicho hakijawahi kushinda urais tangu ajiunge nacho. Safari hii wajumbe walikuwa na wawili wa kuchagua, mmoja wao ndiye apeperushe bendera.

Wa kwanza wakili Edwin, Mmwera wa huku huku. Ndiye aliyewatetea bure wakulima wa Njinjo mpaka wakarudishiwa mashamba yao, la kaka yake Mwanasha likiwamo. Kasoro yake ni kigugumizi. Wa pili Mheshimiwa Rafaeli, aliyehamia juzi kutoka chama tawala, mwenye suti na sauti isiyohitaji kipaza.

"Moyo wangu uko kwa Edwin," Mwanasha aliniambia. "Ila watu watamkubali? Tukishindwa tena nitawatazamaje hao niliowapa kadi kwa mkono wangu?"

"Watu gani wasiomkubali?"

"Watu."

Basi kila aliyekuja kunywa chai aliulizwa: "Watu wa kwenu watampa nani?" Dereva akasema Edwin mtu mwema, ila watu wanataka mwenye jina. Muuza ufuta akasema hivyo hivyo. Benadetha, Mmakonde anayetuletea mihogo, naye akasema watu watamtaka Rafaeli. Nilikasirika. Hao watu wanakunywa chai wapi, mbona hapa hawafiki?

Tukiwa katika hali hiyo akafariki Mzee Shamte, Mmwera, mwenyekiti wa tawi lao. Siku ya kuanua tanga Benadetha aliingia amevaa kofia na koti la marehemu, maana Wamakonde na Wamwera ni watani, wenye ruhusa ya kuchekana hata msibani, na msiba usio na mtani umepooza. Akakohoa kama Shamte. Akalalamika chai haina sukari, kama Shamte. Mjane, Bi Naima, alicheka huku machozi yanamtoka.

Kisha Benadetha akasema, bado kwa sauti ya marehemu, "Sasa namleta mgombea wangu!" Akasimama wima kama Edwin jukwaani: "Nd-nd-ndugu wa-wa-wananchi..." Watu walianguka kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Na Rafaeli je?" Benadetha akapunga mkono tu. "Huyo mwacheni."

Mwanasha peke yake hakucheka. Njiani alinishika mkono. "Umeona? Edwin ni kichekesho. Rafaeli hakuna aliyethubutu kumgusa."

"Hata marehemu kachekwa."

"Marehemu hagombei."

Akaenda Dar es Salaam mkutanoni, akampa Rafaeli kura yake. Rafaeli alipita. Mwanasha alirudi na kofia mpya ya chama na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

Kesho yake Benadetha alishusha mihogo, akaagiza chai. "Haya, Edwin wangu amepita?"

"Tumempitisha Rafaeli."

Benadetha akaweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Si wewe uliyetuonyesha, dada? Matanga mazima yalimcheka."

"Mwanasha, umezaliwa wapi wewe? Yule ni mtani wangu, nisimcheke? Shamte nilimcheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kichwa kikauma. Huyo Rafaeli nimtanie ana undugu gani na mimi?" Akajipiga kifua. "Mimi na utu uzima huu sijawahi kupiga kura. Safari hii nilijiandikisha, na wanangu nikawaburuta, kwa ajili ya kigugumizi kile kile."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza watu watampa nani. Nikakujibu habari za watu. Mimi mwenyewe hukuniuliza."

Mwanasha akanigeukia. Nilijua kinachokuja, na nilitamani ardhi inimeze.

"Na wewe?"

"Edwin," nikasema.

Alimtazama dereva yule yule, aliyekuwa anachovya andazi kwenye chai. Dereva akainamisha kichwa. "Edwin, mama. Ila nilidhani watu..."

Mwanasha aliivua ile kofia mpya, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Basi la Masasi likasimama, abiria wakaanza kuita chai, na siku hiyo niliwahudumia mimi.