Mwalimu aliyepata punje mbili

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Ijumaa, Juni 10, 1994, taa ya chumba cha walimu tayari inawaka. Mwalimu Abdiel Kaaya, mwenye umri wa miaka 41, ananakili kwa mkono hadithi ambayo si yake.

Mbele yake kuna daftari la mwanafunzi lililojaa wino mwekundu. Anaandika neno, anarudisha macho kwenye daftari, anaruka kila palipo na wekundu, anaandika neno jingine. Kwenye mkoba uliotundikwa kitini imo hadithi nyingine, kurasa tisa, imepigwa taipu. Hiyo ndiyo yake.

Ni moja tu kati ya hizo mbili inayoweza kwenda posta leo.

Gazeti moja la binafsi la Dar es Salaam, miongoni mwa mengi yaliyozuka miaka hii miwili, limetangaza shindano la hadithi fupi. Kila shule ya sekondari inatuma moja, ya mwalimu au ya mwanafunzi, ikiwa na muhuri wa shule. Tarehe ya mwisho ni leo. Atakayeshinda atachapishwa na kupewa mashine ya taipu.

"Tangazo nililikata Februari," anasema Kaaya. "Sikulikata kwa ajili ya wanafunzi."

Kaaya anafundisha Kiswahili katika shule ya binafsi iliyofunguliwa Kimandolu, kusini mwa Mlima Meru, miaka mitatu iliyopita. Alitoka shule ya serikali, ambako anasema mshahara ulikuwa unaishia tarehe kumi na tano. Mkewe, Sia, anauza mitumba. Nyumbani, chini ya kitanda, kuna mswada wa riwaya wenye kurasa 312, kazi ya miaka kumi na moja. Mchapishaji wa kwanza alikaa nao miaka minne, kisha akafunga ofisi. Wa pili alijibu kwamba siku hizi vinavyouzika ni vitabu vya kiada. Wa tatu hakujibu.

Januari alianzisha somo la uandishi wa kubuni, kila Jumatano baada ya vipindi. Walijiandikisha wanafunzi 23. Kanuni aliitunga mwenyewe: kazi haiandikwi jina, mwalimu anazisoma zote kwa sauti, kisha kila mmoja anatumbukiza punje ya hindi kwenye kopo la hadithi aliyoipenda.

Katikati ya Mei, Kaaya akachanganya na ya kwake.

"Nilitaka kusikia sifa bila kuziomba," anasema.

Hadithi yake ilianza kwa mtu aliyesimama Kimandolu, akilitazama jua likichomoza nyuma ya Mlima Meru likiwa na taji la dhahabu. Alipomaliza kuisoma, Romanus wa kidato cha tatu, ambaye hakosi neno, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hii hadithi imevaa suti kwenda shambani."

Darasa lilicheka. Kaaya naye alicheka, kwa meno tu.

Kisha akasema Naisula Lemomo, miaka 17, binti wa wafugaji wa Oldonyo Sambu anayeishi kwa shangazi yake Kwa Mrombo. "Kwetu, magharibi ya mlima, ndiko linakochomoza hivyo. Hapa Kimandolu linatokea upande wa Usa, mashariki, mbali na mlima. Labda mwandishi huwa haamki mapema."

"Au ni mtalii," alidakia Romanus.

Kaaya alizaliwa Poli, kwenye mteremko wa mlima huohuo.

Hadithi iliyofuata ilianza hivi: "Siku ya kumpeleka ng'ombe mnadani, mama alimkamua kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hakuna aliyemharakisha." Safari hii mkono wa Romanus ulibaki chini.

Makopo yalipomwagwa mezani, hadithi ya ng'ombe ilikuwa na punje kumi na nne. Ya jua ilikuwa na mbili. Moja kati ya hizo, Kaaya anakiri, aliitumbukiza yeye.

Aliyeandika habari za ng'ombe alikuwa Naisula.

"Wivu nilidhani ni ugonjwa wa majirani," anasema. "Nilikuwa naamka na ile sentensi yake ya kwanza, naigeuza huku na huku natafuta kosa. Sikuliona. Nikamchukia kwa hilo. Mtoto wa watu kaandika jioni mbili. Mimi nahangaika na riwaya miaka kumi na moja."

Alilichukua daftari la Naisula akisema anakwenda kulisahihisha. Alikaa nalo siku tisa na kulitia masahihisho sitini na moja. Siku ya mnada ikawa "siku ile ya majonzi yasiyo kifani", na mama akamkamua ng'ombe "machozi yakimlengalenga mithili ya umande". Akamwita Naisula, akamwonyesha.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hujakosea. Nimeipamba."

"Asante, mwalimu."

Jumatano mbili zilizofuata Naisula alihudhuria, lakini hakuleta kazi.

Juzi jioni Sia alilikuta daftari mezani, akalisoma akiwa amesimama.

"Baba Bariki, mboga hii ilikuwa imeshaiva. Nani kaongeza chumvi?"

"Ni masahihisho hayo."

"Masahihisho? Unamwonea gere mtoto wa kumzaa."

Kaaya alikula, akalala.

Leo saa mbili kasoro robo amemaliza kunakili. Mkuu wa shule, Mama Hedwiga Tarimo, anazipokea karatasi na kuliona jina la Naisula.

"Si ulisema utaleta yako?"

"Yangu ilishindwa, mama."

"Wapi?"

"Humu humu darasani."

Anagonga muhuri bila kuuliza zaidi.

Kuhusu riwaya, Kaaya anasema likizo hii atazitoa kurasa arobaini za mwanzo na kuanza upya. Julai ataingiza tena kazi yake darasani, bila jina, na safari hii hatapiga kura.

Je, wivu umekwisha?

"Haujaisha. Usiandike kwamba umeisha. Nilipokuwa nanakili asubuhi, kila mstari nilitamani ungekuwa wangu."

Saa nane na robo mchana alikuwa dirishani, Posta Kuu. Karani Naftali, anayempokelea bahasha zake kwa miaka kumi sasa, aliinua uso.

"Mwalimu, hujachoka tu na hawa watu wa Dar?"

"Bado."

Naftali aliipima bahasha, akajaza risiti ya rejista bila kuuliza jina, akamsukumia. Kaaya aliisoma, akairudisha.

"Andika nyingine. Mtumaji ni Naisula Lemomo. Anwani ni ya shule."

"Ndiye nani huyo?"

"Mwandishi."

Naftali aliichana ile ya kwanza, akaandika ya pili. Bahasha iligongwa muhuri saa nane na dakika ishirini na tano.