Sahani Iliyokutwa Tupu

Siku nne sikula. Siku ya tano sahani iliyowekwa mbele yangu ikakutwa tupu, haina hata punje ya wali.

Na sikula mimi. Naapa.

Kwetu Sumba, kisiwa cha Indonesia, sahani tupu inasikilizwa kuliko binti. Hebu nisimulie.

Naitwa Lika. Wakati huo nina miaka ishirini, nafuma vitambaa na mama, shule niliishia la sita. Mchana kweupe natoka kisimani na ndoo yangu, gari la mizigo likasimama ubavuni.

Wakaruka wanaume saba.

Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Watu walikuwepo barabarani, tena wengi. Mmoja akacheka, "Punguza kelele, bibi harusi!"

Wakanitupa ndani kwa Umbu Ngailu, mwanaume niliyemkataa mara mbili. Upatu ukagongwa kama kuna sherehe. Mama yake, Bibi Konga, akaninyunyizia maji kwenye paji la uso. Wanasema maji hayo yakikugusa, huinuki tena ukatoka nyumba hiyo.

Bahati nilikuwa nimeshaonywa.

Miezi michache nyuma kikundi cha wanawake kilikuja kanisani kwetu. Mkubwa wao, Mama Danga, akasema wanawake wa nchi nyingi wameungana kudai haki zao kama binadamu, na kwamba kumwoza mtu bila ridhaa yake ni uonevu, hata ukiuita mila. Sisi wa viti vya nyuma tukacheka.

Akatukazia macho.

"Ukichukuliwa, usile chao. Usinywe chao. Usipokee tambuu. Ukila tu watasema umeridhika, na mimi nitakuja bure."

Kicheko kikaisha.

Basi nikagoma. Maji nililamba ya mvua, yaliyovuja kwenye nyasi za paa. Hayo ni ya Mungu, siyo yao.

Bibi Konga ndiye aliyewekwa kunilinda. Kutwa yuko mlangoni, anatafuna tambuu, anatema, ananitazama. Hasemi kitu. Asubuhi ananisogezea chai, mchana wali na nyama ya nguruwe. Ile harufu jamani! Nililia kwa harufu tu.

Nilimchukia yule bibi kuliko hata mwanawe.

Ngailu naye akipita lazima achokoze. "Mwacheni. Hata farasi mkaidi, kiu ikimkaba anainama mtoni."

"Anauinamia mto," nikamjibu. "Hakuinamii wewe."

Hiyo ilikuwa siku ya pili, bado nina mdomo. Kufika siku ya nne hata kugeuka ubavu nilishindwa.

Siku ya tano wakamleta mama. Akaniweka kichwa mapajani.

"Mama, nitoe hapa."

"Baba yako ameshapokea farasi wao wa mahari, mwanangu. Kula."

"Sili."

"Utakufa, Lika."

"Bora."

Akawa ananipapasa nywele, taratibu, kama nilipokuwa mdogo. Usingizi ukanichukua.

Nikaamshwa na kelele.

Ngailu ameinua sahani juu. "Amekula! Si mnaona wenyewe? Ameridhika!"

Mlangoni kasimama Mama Danga, na wanawake wenzake watatu, na polisi mmoja. Walikuja! Polisi akaitazama sahani, akatazama saa yake.

"Mama Danga, kama binti amekula, haya ni mambo ya familia. Twende zetu."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Nilidhani wamekimwaga chakula. Sakafu ni ya mianzi, ina nyufa, na nguruwe wako chini. Nikamtazama mama anisemee.

Mama anatazama sakafu.

Ndipo Bibi Konga akatema tambuu lake nje, akainuka.

"Hakula huyu."

"Mama, nyamaza!" Ngailu akafoka.

"Siku tano nimekaa hapa, macho ninayo. Aliyekula ni mama yake. Mwambieni atoe mkono kwenye kikoi. Vidole vina mafuta mpaka sasa."

Mama akaangua kilio. "Nilikula ili asife! Nikasema wakishaona amekubali, hatakuwa na sababu ya kugoma. Atakula. Ningefanya nini mimi?"



Mama Danga akamgeukia yule bibi. "Na wewe, kwa nini umesema?"

"Mimi nililazwa hapo hapo alipo. Siku ya tatu nikanywa chai." Akajifuta mdomo. "Nilikuwa nautazama mlango. Hakuja mtu."

Mama Danga na wenzake wakanibeba. Tukiwa ngazini nikasikia kofi ndani. Halafu jingine. Bibi Konga hakulia.

Ngailu hakufungwa hata siku moja. Bibi Konga walimhamishia kibanda cha nyuma, na mvua zilizofuata akafariki, sijamwambia asante. Niliweka tambuu kaburini kwake, na wajukuu zake wakalitupa mbele ya macho yangu.

Mama tunaishi naye. Kila siku ananipakulia, anakaa ananitazama nikila mpaka nimalize. Mnauliza kama nimemsamehe. Siku nyingine ndiyo.

Sasa nafuatana na Mama Danga. Tukiingia nyumba yenye binti aliyeletwa kwa nguvu, wanaume wanakimbilia kutuonyesha kikombe, wanatuonyesha sahani.

Mimi vyombo siviangalii. Napiga magoti pale alipolala, namuuliza mwenyewe. Na wewe unayesoma, ukimwona binti kanyamaza, usiiache sahani imsemee.