Jioni Ambayo Kapteni Firoz Hakuruka

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila nikisikia ndege inapita juu ya Mhunze yetu hapa, mwanangu Kabula. Mama yako ameniambia umepata kazi Mwanza, na kwamba karibuni utaanza kukaa kiti cha rubani msaidizi kwenye zile ndege ndogo zinazopeleka watu migodini. Nimefurahi mpaka nikakosa la kusema. Lakini kabla hujavaa shati jeupe, kaa kidogo nikusimulie baba yako alivyofariki. Ulikuwa bado tumboni. Uliyoyasikia kwa watu ni nusu tu, na nusu niliyonayo mimi ndiyo inayoihusu kazi yako.

Mimi nilikuwa kijana, rubani msaidizi kama utakavyokuwa wewe. Kaka yangu Mabula, baba yako, alikuwa anachimba dhahabu upande wa Kharumwa, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Kapteni wangu aliitwa Firoz. Wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa Shinyanga mjini, na kwa kuwa alikulia dukani akiwauzia wakulima wa pamba, alizungumza Kisukuma vizuri kuliko vijana wengi wa siku hizi.

Siku hiyo tulianza kazi kabla hakujakucha. Tuliruka kwenda, tukaruka kurudi, tukasubiri abiria waliochelewa, tukaruka tena. Chakula chetu kilikuwa karanga na soda kwenye kivuli cha bawa. Jua lilipoanza kuinama tulitua kwenye uwanja mdogo wa changarawe upande wa Geita, na Kapteni akasema saa zetu za kazi zimekwisha, tutalala hapo mpaka kesho. Utaijua hiyo sheria, mwanangu. Rubani ana saa zake, na zikiisha zimeisha, hata kama ndege ina mafuta na nyumbani ni karibu.

Nilikuwa nafunga kamba za ndege nilipoona pikapu inakuja kwa kasi. Nyuma, juu ya godoro, alilala Mabula. Shimo lilikuwa limemporomokea kiunoni. Tabibu aliyekuja naye aliniambia hospitali ya karibu wamemwona na kusema damu inavujia ndani, apelekwe Mwanza akapasuliwe. Wenzake walijua mdogo wake ni rubani, na walikuwa wameiona ndege yetu ikishuka. Ndiyo maana walimleta kwangu.

Wakati ule daraja halikuwepo. Kwenda Mwanza kwa gari ilikuwa lazima usubiri kivuko cha Busisi. Kwa ndege, ungeliona ziwa kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Nilimkimbilia Kapteni. "Ni kaka yangu, Kapteni. Wa tumbo moja."

Alikwenda kwenye pikapu, akamtazama Mabula, akamshika mkono. Kisha alipanda kwenye ndege, akawasha redio na kuwaita Mwanza, akaomba waje marubani wengine waliopumzika. Nilisikia jibu kwa masikio yangu. Mvua ilikuwa imeshika ziwa lote, na hakuna ambaye angeweza kutufikia kabla ya giza. Uwanja wetu haukuwa na taa.

Alishuka, akasimama mbele yangu. "Shija, siwezi kuruka."

"Ni safari fupi!"

"Ni fupi, najua. Lakini mchana nilikuuliza mafuta, ukanipa jibu, nilipokuuliza tena ukanipa jibu lingine. Na mimi, tulipokuwa tunatua hapa, nilichelewa kupunguza mwendo mpaka uliponigusa bega. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Sikutaka kukumbuka.

"Ningekuwa mzima ningeruka sasa hivi," akasema. "Si mzima. Na wewe si mzima. Na mbele kuna mvua ile."

"Angekuwa ndugu yako ungeruka," nikamwambia, mbele ya watu wote.

Alimwita mlinzi wa uwanja amwachie ndege, akavua kofia, akapanda nyuma ya pikapu. Akakaa chini kwenye bati, akakilaza kichwa cha baba yako kwenye mapaja yake ili barabara isimpige. Tabibu akashika chupa ya maji ya mshipa, mimi nikashika miguu. Tukaondoka.

Barabara ya vumbi unaijua. Kila bonde Mabula alikuwa anauma meno, na kila mara Kapteni alikuwa anamwambia kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayembembeleza ndama, kwamba bonde limepita. Kuna mahali barabara ilikuwa nzuri kidogo, baba yako akafumbua macho akanitazama.

"Shija. Ukiwa juu, Kharumwa unaiona?"

"Naiona."

"Na mashimo yetu?"

"Nayaona. Nikipita huwa natafuta lipi ni lako."

Akatabasamu. "Mwambie Minza apumzike, asibebe maji." Mama yako alikuwa karibu kukuzaa wewe. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Alikata roho tukiwa kwenye foleni ya kivuko, mbele yetu magari, ng'ambo taa za kwanza zikiwaka. Mvua ilikuwa imeanza. Kapteni alimfumba macho, akaniomba ruhusa amsomee dua ya dini yake. Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni sikumpa chochote.

Watu wameniuliza miaka yote hii kama tungefika. Sijui. Labda tungefika. Labda mngezika watatu. Usije ukamwamini mtu atakayekuambia anajua.

Msiba ulikuwa hapa hapa nyumbani. Siku ya pili Kapteni Firoz alikuja peke yake, na wajomba walipomwona walianza kunong'ona, wakasema huyo ndiye aliyekataa. Mimi nilikuwa nimewaambia. Alipita katikati yao mpaka kwenye mkeka alipokaa bibi yako, akapiga magoti.

"Mwadila, mayu," akamwamkia kwa lugha yetu.

Bibi yako aliitika. Kisha akamuuliza: "Ni kweli mlikuwa mmechoka?"

"Nilikuwa nimechoka, mama. Nisingeweza kukuahidi kufika."

"Na Shija angekuwa humo ndani?"

"Angekuwa pembeni yangu."

Bibi yako alisogea, akampisha nafasi kwenye mkeka. "Kaa, baba. Umemshika mwanangu mpaka mwisho." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika. "Na wewe, acha kumtangaza mgeni wangu. Mabula nimemzaa mimi. Mimi sijamlaumu huyu, wewe unamlaumu kwa niaba ya nani?"

Nilitoka nje nikalia kwa mara ya kwanza tangu Mabula afe.

Nisikudanganye kwamba hasira iliisha siku ile. Niliporudi kazini nilikaa pembeni ya Kapteni miezi mingi, nikimjibu mambo ya kazi tu. Hakunisukuma. Iliisha polepole, na ilikwisha kabisa siku nilipokuwa kapteni mwenyewe. Nilikuwa na abiria mwenye cheo kikubwa aliyetaka nimwahishe Dar es Salaam, na kichwa changu kilikuwa kizito, nimesoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Nilimwambia sitaruka. Alinitukana sana. Nilipokwenda kulala nikampigia simu Kapteni Firoz, alikuwa ameshastaafu, tukazungumza mpaka dawa zake zikamletea usingizi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kazi hii itakunyima Krismasi. Itakunyima harusi za ndugu zako, na misiba mingine utaisikia ukiwa kwenye chumba cha wageni mji usioujua. Ratiba utapewa leo, kesho itabadilishwa. Usiwafiche watu wa nyumbani. Waambie mapema siku zako za kazi na siku zako za mapumziko, ili usipokuwepo wajue hukuwadharau. Ukipewa siku ya kulala, lala. Usiitumie yote kwenye shughuli za watu, hata tukikuita sisi. Usiku wako kabla ya safari ni sehemu ya safari.

Na ukichoka, sema. Sema hata kama anayesubiri ni mkubwa, hata kama ni maskini analia, hata kama ni mimi nimelazwa kwenye pikapu. Lakini ukishakataa kuruka, usiende zako kulala ukamwacha mtu kwenye changarawe. Tafuta njia nyingine, na kama ni ya vumbi, panda naye.

Mungu aliyekutoa tumboni salama katika mwezi ule wa machozi akusafishie anga. Akupe usingizi mtamu na wenzako wakweli. Na siku utakapolazimika kusema hapana, akupe ulimi usiotetemeka. Nenda, Kabula. Una ruhusa yangu, na ya baba yako nakupa mimi kwa niaba yake.