Makala Iliyorudishwa Mara Mbili

Asubuhi ile ya Jumatatu naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilitoka kwenye intaneti kafe pale Lushoto mjini nikitembea katikati ya barabara kama mtu aliyechaguliwa ubunge. Nilikuwa nimetuma makala yangu ya kwanza kwenye jarida la kitaaluma, jarida la ng'ambo linalochapisha maandiko ya watu wanaofanya kazi ya ustawi wa jamii kwa imani ya Kikristo. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kila niliyekutana naye nilimwambia. Hata fundi viatu wa stendi, ambaye hakuniuliza kitu, nilimwambia.

Usinicheke. Ungejua nilikotoka, nawe ungejivuna. Ujana wangu nilichuma chai kwenye shamba la watu, nikalinda geti Tanga, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na ndevu, pamoja na watoto walioniamkia shikamoo kabla ya kipindi kuanza. Halafu nikaenda Dar es Salaam nikaipata stashahada yangu ya ustawi wa jamii, bila mjomba wa kunishika mkono. Nilirudi Usambara na cheti ndani ya bahasha ngumu, usharika wetu ukaniajiri kuhudumia kaya zenye shida. Haya nayasema kwa sauti na sitaishusha.

Makala ilihusu mnada wetu. Labda umelelewa mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu, asiye na fedha ya sadaka huleta alichovuna: mkungu wa ndizi, karoti, mayai, au kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha vinanadiwa nje ya kanisa. Dalali wetu alikuwa Mzee Yohana, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuvuka bonde.

"Kuku huyu anataga mayai ya Kilutheri!" alikuwa akipaza. "Baba wa koti la kijivu, mbona unajificha nyuma ya mkeo? Ongeza!"

Watu wanacheka, bei inapanda. Na usharika wetu ulikuwa na desturi moja. Mnunuzi akisema "kiache," kitu alichonunua hakiendi nyumbani kwake. Kinawekwa kwenye mkeka karibu na mlango wa ofisi ya mchungaji, na kesho yake Mzee Yohana anakipeleka kwenye nyumba yenye uhitaji. Nyumba gani, hakuna anayeuliza.

Niliona kwamba hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii iliyo hai, ambayo vitabu vya chuo havikuitaja. Na niliona sawasawa. Nilipokosea ni kwenye kuandika.

Mara ya kwanza makala ilirudi kabla wiki haijaisha. Mhariri aliandika kwa adabu kwamba wapitiaji, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, hawatakiwi kumjua mwandishi, nami nilikuwa nimeweka jina langu, pamoja na neno stashahada, juu ya kila ukurasa. Kurasa kumi na nane. Nikafuta moja baada ya nyingine, moyo ukiniuma, nikatuma tena.

Miezi mitatu baadaye ikarudi mara ya pili, ikiwa na maoni ya wapitiaji wawili. Wote walisema wazo ni zuri. Wote walisema pia kwamba nimeandika kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani, na kwamba nimemtaja mama mmoja mjane ninayemhudumia kwa jina, kwa kijiji, kwa idadi ya watoto, hata kwa ugonjwa uliomuua mumewe. Je, mama huyo ameridhia? Bila ridhaa yake makala haitachapishwa. Nikapewa wiki sita.

Nilikasirika sana. Kwetu mtu akisimama mbele ya madhabahu kushuhudia, anataja: fulani, wa mahali fulani, alikuwa hivi, Mungu akamtendea hivi. Usharika unaitika amina. Ushuhuda usio na jina nani atauamini? Nikajiambia wameidharau stashahada yangu, basi, ingawa wapitiaji hawakuwa wameiona. Nikaenda kwa Mzee Yohana nipate wa kulalamika naye. Nilimkuta akipalilia kabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umenuna hivyo? Wazungu wako wamekukataa?"

Habari ya makala ilikuwa imemfikia zamani, nilikwishaieneza mwenyewe.

"Wamenirudishia, mzee. Eti nimekosea."

"Nisomee nisikie."

Nikamsomea, nikimfasiria kutoka Kiingereza. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, na akacheka nilipofika kwenye mayai ya Kilutheri. Kisha nikafika kwenye jina la yule mama. Akalisimamisha jembe.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Umemtaja?"

"Ni mfano tu, mzee. Unagusa moyo."

"Moyo wa nani?" Akatoka katikati ya matuta akaja karibu yangu. "Miaka yote nabeba vile vitu. Mke wangu hajui navipeleka wapi. Mke wangu, unanisikia? Napita njia ya nyuma, kwa sababu mama yule ana watoto, na watoto wana masikio. Mimi nanadi kuku na kabichi, kijana. Wewe umemnadi mtu."

Chuoni tulikuwa na somo zima la kutunza siri za mteja, na nililifaulu kwa alama ya juu kuliko wote. Nililijibu kwenye karatasi, mwanangu. Kulielewa nilikuja kulielewa siku hiyo, nimesimama kwenye kabichi za mtu.

"Sasa nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Nenda kwake. Akikataa, uichome."

Kuichoma! Mwaka mzima wa kazi. Na hapakuwa na ujanja wa kukwepa, maana wapitiaji na mzee wa kabichi walikuwa wamesema jambo lilelile bila kujuana.

Kesho yake nikapanda gari la Mlola, nikashuka njiani mahali ambapo sitapataja. Yule mama alinipokea kwa "onga mshi," salamu yetu ya Kisambaa ya mchana, akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho huku akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Binti yangu yuko chuo," alisema. "Anajua nimemsomesha kwa jembe, na ni kweli nimemsomesha kwa jembe. Sasa akasome kwenye kitabu cha Ulaya kwamba mama yake alikuwa akiletewa ndizi?"

"Nitalifuta jina, mama."

"Na nyumba karibu na daraja. Na wale mapacha. Nani mwingine huku amezaa mapacha mara mbili?"

"Nitafuta."

"Na ugonjwa wa marehemu."

"Nafuta, mama. Ukitaka, naitupa yote."

(Alama hizi, daraja na mapacha, nimezibadilisha, mwanangu, na habari hii nakusimulia kwa idhini yake. Usihangaike kumtafuta.)

Akarudi kwenye viazi vyake. "Sijasema utupe. Nasema umeandika nusu. Yale mafungu ya karoti yanayokuja mnadani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, unadhani yanatoka wapi?"

"Sijui, mama."

"Yanatoka hapa. Wewe umeniandika kama mtu wa kupokea tu. Mimi naleta sadaka. Pale mnadani hakuna anayejua nani ameleta akiwa ameshiba na nani ameleta akiwa na njaa. Ndiyo maana naweza kuja nikiwa nimeinua kichwa."

Hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha jambo zito kama hilo. Nikamwomba niyaandike maneno yake.

"Yaandike," akasema. "Mimi mwenyewe niache nje."

Nikamsomea karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Akatia sahihi, nayo ikafungiwa kwenye kabati la mchungaji. Kisha nikaandika upya, ukurasa kwa ukurasa. Salamu na amina zikatoka. Katikati ya makala nikaweka hoja ya yule mama: kwamba mnada wetu unamficha mhitaji ili apate kusimama kama mtoaji. Nikatuma zikiwa zimebaki siku nne.

Ikakubaliwa! Mhariri aliandika kwamba sehemu ile ndiyo iliyoibeba makala yote. Nakala ilipofika posta niliifungua palepale dirishani. Jina langu liko ukurasa wa kwanza, sasa kwa ruhusa, mtu wa stashahada katikati ya maprofesa watano. Niliwahesabu. Jumapili Mzee Yohana akainua fungu la kwanza la karoti akapaza: "Kabla sijanadi hizi, jueni kwamba mnada wenu umeandikwa ng'ambo, na aliyeuandika ni huyu hapa aliyekuwa akichuma chai!" Kina mama wakapiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Tangu hapo nimechapisha makala nyingine tatu, na hakuna iliyonipa raha kama ile.

Nikampelekea yule mama nakala yake. Nilimkuta binti yake yuko likizo. Binti akaichukua, akakaa barazani akaisoma yote, akimfasiria mama yake. Jasho lilinitoka, nakuambia. Alipomaliza akaniuliza:

"Huyu mama wa humu ni hodari kweli. Ni wa usharika wetu?"

"Siwezi kumtaja, dada. Ndiyo kanuni ya kazi yetu."

"Vizuri," akasema yule mama, akijipangusa mikono kwenye kanga. "Na asitajwe. Karibu chai, mwalimu."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Andika. Usingoje uwe profesa, maana ulichokiona kwenye usharika wako wao hawajakiona. Makala ikirudishwa, isome barua ya mhariri mara mbili kabla hujakasirika, kwa kuwa anayekurudishia na kukueleza kosa amekuheshimu. Jina lako liondoe wanapoipima kazi. Jina la uliyemhudumia liondoe daima, na kabla ya kumwandika, nenda ukaketi kwake umuulize, ukiwa tayari kuambiwa hapana. Usiharakishe kuondoka, maana yeye ndiye anayeijua ile nusu usiyoiona.

Mungu akupe mkono usiochoka kuandika na mdomo unaojua kunyamaza. Makala zako zikubaliwe, zisomwe mbali, na kila ambaye umeandika habari zake akufungulie mlango kwa furaha utakapobisha tena. Amina.