Mkono wa Kushoto wa Waneta

Vijana wa siku hizi wanadhani wimbo wetu wa kantri ni maneno tu: mwanamke kaondoka, mvua inanyesha, chupa imekwisha. Mimi nimepiga gitaa la besi huku Arkansas tangu nikiwa na nywele kichwani, na nasema maneno ni kitu cha mwisho. Kwanza mwendo. Moja, mbili, tatu, polepole, kama mtu anayerudi nyumbani kachoka. Mwenda pole hajikwai. Halafu ufunguo, ile sauti ya msingi ambayo wimbo unasimama juu yake, nao uwe mchangamfu, kwa sababu huzuni ya kwetu haivai nguo nyeusi. Huvaa shati safi la Jumamosi.

Aliyenifundisha hayo ni Waneta Tackett, mpiga fidla wa bendi yetu. Mama mkali kama pilipili. Ukikosea sauti moja tu, anakukata jicho hadi wimbo uishe. Tangu ujana wake alifunga kila dansi ya Jumamosi kwa wimbo mmoja wa polepole, wapenzi wakizunguka ukumbini wamekumbatiana, na mumewe Orbie amekaa peke yake mezani, karibu na jukwaa.

"Orbie, mbona huchezi?" watu walimtania.

"Ninayemtaka yuko kazini," alijibu, akaendelea na pai yake.

Miaka ikaenda. Kelele za misumeno ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi zikamla Orbie masikio, kidogo kidogo, mpaka akawa hasikii hata radi. Jumamosi bado alikuja.

"Sasa unakuja kusikiliza nini, mzee?" mmoja alimwandikia kwenye kitambaa cha karatasi.

"Nakuja kumwangalia mke wangu. Wewe wako umemwacha wapi?"

Jumamosi moja, tulipofika kwenye wimbo wa mwisho, Waneta aliiweka fidla kwenye kiti.

"Leo nacheza na mume wangu," alimwambia Cletis, mpiga gitaa na kiongozi wetu. "Nimechezesha kila mtu hapa, mimi mwenyewe sijacheza."

"Na fidla apige nani?"

"Pigeni bila fidla. Kwani hamna mikono?"

Akashuka. Orbie alipoelewa anachotakiwa, alishika ukingo wa meza.

"Hapana, mke wangu," akasema kwa ile sauti kubwa ya kiziwi, ukumbi mzima ukasikia. "Sisikii mapigo. Nitakukanyaga, watu wakucheke."

Waneta alibaki kasimama, mkono kaunyosha. Niliuona uso wake, na iliniuma. Mama asiyemwogopa mtu alikuwa anaogopa kupanda tena jukwaani bila ile dansi moja aliyoingoja maisha yake yote. Nadhani Orbie naye aliuona, maana aliinuka.

Tukaanza vibaya. Bila fidla Cletis alibabaika, akalikimbiza gitaa, nami nikamfuata kama mjinga. Orbie akaenda kushoto, Waneta kulia. Orbie akamkanyaga mkewe, akaikanyaga tena miguu ile ile. Wengine wakaacha kucheza, wakawatazama. Orbie akamwachia mkono, akageuka kurudi mezani.

"Taratibu, nyie! Mnafukuzwa na nani?" Waneta alitufokea. Akamvuta mumewe, akauweka tena mkono wake wa kushoto begani kwa Orbie.

Tukapunguza mwendo. Na ule mkono haukujua kazi nyingine: vidole vikaanza kubonyeza sauti za fidla, moja baada ya nyingine, juu ya bega la Orbie kana kwamba ni nyuzi. Sidhani kama mwenyewe alijua anachofanya.

Orbie alisimama. Akaviangalia vile vidole, alivyovitazama kila Jumamosi kutoka mezani kwake.

"Kumbe ni ule wimbo wako," akasema, na mguu ukaenda. Moja, mbili, tatu. Hakumkanyaga tena.

Kisha akaimba. Aliimba kwa nguvu zake zote, habari za yule mwanamke aliyeondoka, huku anacheka na machozi yanamtoka. Ufunguo ulikuwa wake mwenyewe, chini kabisa ya wetu, na ulipogombana na gitaa la Cletis hata meno yaliuma. Nikamtazama Waneta, nikingoja lile jicho. Alikuwa amelilaza shavu kifuani kwa mumewe.

Cletis akanikonyeza. Tukauacha ufunguo wetu, tukateremka hadi alipokuwa.

"Niko sawa?" Orbie alipiga kelele.

Waneta alirudi nyuma kidogo ili midomo yake ionekane. "Uko sawa kabisa," alimjibu, na hakumdanganya.